Urithi wa Haiti katika fikra, fasihi na sanaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninachojua kuhusu Haiti ni tetemeko na magenge tu. Nianzie wapi?

Anza na riwaya moja, mchoro mmoja na hoja moja. Riwaya iwe *Gouverneurs de la rosée* ya Jacques Roumain (1944). Mchoro uwe ule wa Philomé Obin unaoonyesha mwili wa Charlemagne Péralte. Hoja iwe ya Anténor Firmin, aliyoitoa Paris mwaka 1885 kuhusu usawa wa binadamu. Vyote vitatu tumevieleza hapa chini.

Wengi hukimbilia kwanza kitabu kinene cha historia ya jumla, wakachoka kabla hawajafika mwaka 1804. Wengine huanza na vitabu vya wageni waliopita Haiti wakati Marekani ilipoikalia nchi hiyo, 1915 hadi 1934, na hilo ni kosa baya zaidi. Wakati huo zilichapishwa hadithi chungu nzima zilizotiwa chumvi kuhusu zonbi, yaani wafu wanaosemekana kufufuliwa na kutumikishwa, na kafara, sinema za Hollywood zikazidaka, na picha hiyo haijafutika hadi leo. Wahaiti wenyewe walikuwa wameshaandika mengi. Wasome wao kwanza.

Kumbuka pia kwamba waandishi na wasanii wa Haiti wanajibizana. Firmin anawajibu wataalamu wa Ulaya. Jean Price-Mars anawajibu wasomi wenzake wa Port-au-Prince, mji mkuu. Obin anaijibu picha iliyopigwa na wanajeshi wa kigeni. Ukisoma kitabu kimoja bila kujua kinamjibu nani, nusu ya maana inakupita.

Kwa nini kila mazungumzo yanarudi mwaka 1804?

Kwa sababu fikra zote zilizofuata zilikuwa na jambo la kutetea. Watumwa wa koloni la Kifaransa la Saint-Domingue waliasi Agosti 1791. Novemba 18, 1803 walilishinda jeshi la Napoleon huko Vertières, na Januari 1, 1804, mjini Gonaïves, jenerali wao, Jean-Jacques Dessalines, akatangaza uhuru. Waraka wenyewe uliandikwa na katibu wake, Louis Boisrond-Tonnerre. Nchi ikachukua jina la kale kutoka lugha ya Wataíno, wenyeji wa kisiwa waliokuwa wameangamizwa.

Dola zilizoendelea kumiliki watumwa hazikulipenda taifa hilo. Ufaransa ililitambua mwaka 1825 kwa sharti la malipo ya faranga milioni 150, zilizopunguzwa kuwa milioni 90 mwaka 1838. Kwa hiyo msomi wa Haiti wa karne ya 19 hakuandika kwa kujifurahisha. Kila kitabu chake kilikuwa sehemu ya kesi ambayo nchi yake ilikuwa ikishitakiwa mbele ya ulimwengu. Baron de Vastey, katibu wa Henri Christophe, mfalme wa kaskazini mwa Haiti, alifungua ukurasa huo mwaka 1814 na *Le système colonial dévoilé*, kitabu kinachotaja ukatili wa wamiliki wa watumwa kwa majina yao, mmoja baada ya mwingine. Thomas Madiou na Beaubrun Ardouin wakafuata na historia za juzuu nyingi. Riwaya ya kwanza ya Mhaiti, *Stella* ya Émeric Bergeaud, ilitoka Paris mwaka 1859, mwandishi akiwa ameshafariki.

Jambo linalowashangaza wengi: kwa muda mrefu haikujulikana kama kuna nakala yoyote iliyochapwa ya tangazo la uhuru iliyosalia. Mwaka 2010 mwanahistoria Julia Gaffield aliikuta moja London, katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, ikiwa kijitabu cha kurasa 8 kati ya makaratasi yaliyotoka Jamaika.

Firmin alisema nini hasa?

Anténor Firmin alizaliwa Cap-Haïtien mwaka 1850, akawa mwanasheria. Mwaka 1884 alipokelewa uanachama wa Chama cha Anthropolojia cha Paris. Alijikuta amekaa chumba kimoja na watu walioamini kwamba yeye, kwa kuwa ni mweusi, kwa maumbile ana akili pungufu. Mwaka uliofuata alitoa *De l'égalité des races humaines*, yaani "Kuhusu usawa wa mataifa ya watu", kitabu cha kurasa zaidi ya 600. Jina la kitabu hicho linakigeuza kichwa-chini kile cha Mfaransa Arthur de Gobineau kilichodai kwamba mataifa ya watu hayako sawa.

Nguvu ya Firmin iko katika njia aliyotumia. Hakuanza kwa kulalamika wala kwa kuomba huruma. Alichukua majedwali ya wapima mafuvu wenyewe, akayaweka ubavu kwa ubavu, akaonyesha kwamba vipimo vyao vinapingana: kipimo kinachowapandisha Wazungu katika jedwali moja kinawashusha katika jingine, na makundi ya watu yanachanganyika kila mahali. Kisha akauliza: sayansi ambayo kanuni zake hubadilika kila matokeo yanapokuwa hayapendezi, ni sayansi gani? Baada ya hapo ndipo anapoingia kwenye Misri ya kale, lugha, na Haiti yenyewe.

Usikisome mfululizo kama riwaya, utachoka. Soma dibaji, kisha sura za vipimo vya mafuvu, halafu zile za Misri, ndipo urudi kwenye mengine. Kilipotoka, wataalamu wa Paris walikipuuza. Tafsiri ya Kiingereza, kazi ya Asselin Charles, ilikuja mwaka 2000, miaka 115 baadaye.

Firmin hakuwa mtu wa vitabu tu. Akiwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1891, alikataa kuipa Marekani bandari ya Môle Saint-Nicolas iwe kituo cha jeshi lake la majini. Balozi wa Marekani nchini Haiti wakati huo alikuwa Frederick Douglass.

Ukaliaji wa Marekani ulibadilisha nini katika fasihi?

Ulibadilisha karibu kila kitu. Wanajeshi wa Marekani walishuka Julai 1915. Wakulima walikamatwa kufanya kazi za barabara kwa lazima, na Charlemagne Péralte akaongoza uasi hadi alipouawa mwaka 1919. Wasomi wa mjini, waliokuwa wakijiona Wafaransa wa Karibi, waligundua kwamba kwa mwanajeshi wa kigeni wao na mkulima wa mlimani ni kitu kimoja.

Jean Price-Mars, daktari na mwalimu, aliwaambia ukweli mchungu katika *Ainsi parla l'oncle* (1928): mmeiga Ufaransa mpaka mmejisahau. Kitabu hicho kinachukua ngano, vitendawili, nyimbo na dini ya wakulima na kuvichunguza kama elimu, si kama ushamba. Humo utakutana na fanani anayeita "Krik?" na hadhira ikaitika "Krak!", jambo ambalo aliyekulia kwenye "Paukwa?" na "Pakawa!" hahitaji kuelezwa. Mwaka mmoja kabla, vijana akina Roumain, Carl Brouard, Émile Roumer na Philippe Thoby-Marcelin walikuwa wameanzisha *La Revue indigène*, jarida lililotaka ushairi unaonusa ardhi ya nyumbani.

Kuna onyo moja hapa. Fikra hizohizo za kurudi kwenye asili zilishikwa pia na kundi la jarida la *Les Griots* (1938), na mmoja wao alikuwa daktari aitwaye François Duvalier. Alipoingia madarakani mwaka 1957 alizigeuza fimbo ya kuwachapia watu. Price-Mars na Duvalier wasitiwe kapu moja.

Kwa nini *Gouverneurs de la rosée* hupendekezwa kabla ya riwaya nyingine zote?

Kwa sababu ni fupi, hadithi yake iko wazi, na imebeba nchi nzima. Manuel anarudi kijijini Fonds-Rouge baada ya miaka 15 ya kukata miwa Kuba. Anakuta ukame, na ukoo umegawanyika pande mbili kwa sababu ya damu iliyomwagika kwenye ugomvi wa ardhi. Anatafuta chemchemi na kuipata, lakini mfereji hauwezi kuchimbwa na upande mmoja peke yake. Panahitajika konbit, kazi ya ujima ambapo wanakijiji huingia shamba moja kwa ngoma na nyimbo. Tatizo la maji linageuka tatizo la kusameheana, na mapenzi yake na Annaïse wa upande wa pili ndiyo yanayolibeba.

Isikilize lugha yake. Roumain anaandika Kifaransa, lakini mwendo wa sentensi, methali na namna ya kusalimiana ni vya Kikrioli, lugha ya Wahaiti wote. Anayeisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Langston Hughes na Mercer Cook (1947) atapata hadithi yote na sehemu kubwa ya mwendo huo.

Roumain alianzisha chama cha kikomunisti mwaka 1934, akafungwa, akaishi uhamishoni. Mwaka 1941, Kanisa Katoliki lilipokuwa kwenye kampeni ya kuchoma ngoma na vyombo vya Vodou, dini ya wakulima, alianzisha Bureau d'ethnologie ili kuokoa vilivyobaki. Alifariki Agosti 1944 akiwa na miaka 37, na riwaya ikatoka miezi michache baadaye.

Baada ya Roumain nisome nani?

Jacques Stephen Alexis. *Compère Général Soleil* (1955) inamfuata Hilarion, maskini wa Port-au-Prince, hadi kwenye mashamba ya miwa ya Jamhuri ya Dominika, na kufikia mauaji ya Oktoba 1937, pale Trujillo, dikteta wa nchi hiyo, alipoamuru Wahaiti wa mpakani wauawe. Inasemekana askari walikuwa wakimwonyesha mtu jani la kotimiri na kumtaka alitaje kwa Kihispania. Matamshi yake yakimtoa kuwa Mhaiti, ameuawa.

Tunapendekeza zoezi moja: soma tukio hilo mara tatu. Kwanza kwa Alexis, kisha katika *Le peuple des terres mêlées* ya René Philoctète (1989), mwisho katika *The Farming of Bones* ya Edwidge Danticat (1998). Alexis anaona tabaka la wafanyakazi. Philoctète anaona watu wa mpakani waliooana na kuchanganyika damu, wakichanwa katikati. Danticat anaona mtumishi wa ndani aliyebaki hai na mwili wenye makovu. Mtu akimaliza vitatu hivyo atakuwa ameelewa fasihi ya Haiti kuliko aliyesoma vitabu kumi bila mpangilio.

Alexis mwenyewe aliingia Haiti kwa siri kwa boti mwaka 1961 ili kupambana na Duvalier. Alikamatwa na kuuawa. Alikuwa na miaka 39.

Na waandishi wanawake?

Anza na Marie Vieux-Chauvet. *Amour, Colère et Folie* ilitolewa na Gallimard mjini Paris mwaka 1968. Ni visa vitatu vinavyoonyesha jinsi hofu inavyoingia nyumbani, ikakaa mezani, ikalala kitandani. Kwa kuogopa kisasi cha Duvalier kwa familia, mumewe alinunua nakala zilizokuwa Haiti ili zisionekane, na kitabu kikaondolewa sokoni. Mwandishi alihamia New York, akafariki mwaka 1973. Kitabu kilirudi rasmi madukani mwaka 2005 tu. Kwa maoni yetu ndiyo riwaya yenye nguvu kuliko zote zilizoandikwa kuhusu udikteta ule.

Kisha Yanick Lahens, aliyepata tuzo ya Femina mwaka 2014 kwa *Bain de lune*, Évelyne Trouillot, Kettly Mars, na Danticat, ambaye huandika kwa Kiingereza kwa kuwa alihamia Marekani akiwa na miaka 12.

Wanaandika kwa Kifaransa au Kikrioli? Na kinasomwaje?

Kwa vyote viwili. Wahaiti wote huzungumza Kikrioli, ilhali Kifaransa kinamilikiwa na wachache waliosoma, na ndicho kilichotawala shule na ofisi. Maandishi rasmi ya Kikrioli yaliwekwa mwaka 1979, na katiba ya 1987 ikakifanya lugha rasmi sambamba na Kifaransa.

Msomaji wa Kiswahili atakisoma kwa urahisi kuliko Mfaransa, kwa sababu karibu kila herufi hutamkwa. "Ou" ni *u* yetu. "Ch" ni *sh* ya shamba. "W" na "y" ni zilezile. "È" na "ò" hutamkwa kwa kufungua kinywa zaidi. Kwenye "an", "en" na "on" sauti hupita puani na *n* yenyewe haisikiki. Hapo ndipo wengi hukosea. Wakati wa kitendo huonyeshwa na neno dogo kabla ya kitenzi: *mwen te li* ni nilisoma, *mwen ap li* ni ninasoma, *mwen pral li* ni nitasoma.

Ukishika kitabu cha kabla ya 1979, usishtuke. Historia ya Michel-Rolph Trouillot ya mwaka 1977, ya kwanza kuandikwa kwa Kikrioli, iliitwa *Ti difé boulé sou istoua Ayiti*. Leo ingeandikwa *Ti dife boule sou istwa Ayiti*. Ukitafuta kwa tahajia moja tu kwenye katalogi ya maktaba, unaweza kuambiwa hakipo wakati kipo. Jaribu zote mbili.

Riwaya ya kwanza ya Kikrioli ni ipi?

*Dezafi* ya Frankétienne (1975). Jina ni la tamasha la kupiganisha majogoo. Sintil, mganga mkatili, anawashikilia watu waliogeuzwa zonbi na kuwalimisha mashamba yake. Siltana, bintiye, anampenda mmoja wao, Klodonis, anamwonjesha chumvi, na Klodonis anazinduka. Naye anawagawia wenzake chumvi, na kijiji kinaamka. Mwaka 1975, chini ya Jean-Claude Duvalier, mwana wa François, hakuna Mhaiti aliyehitaji kufafanuliwa chumvi ile ni nini.

Si kitabu chepesi. Sauti zinapishana, sentensi zinakatika, mwandiko unabadilika ukurasa hadi ukurasa. Ndiyo Spiralisme, mwelekeo ambao Frankétienne aliuanzisha pamoja na René Philoctète na Jean-Claude Fignolé. Usijaribu kujua kila mara nani anasema. Soma kwa sauti. Aliiandika upya kwa Kifaransa kama *Les Affres d'un défi* (1979). Alikuwa pia mchoraji na mtunzi wa tamthilia, na alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 88.

Vodou ni uchawi?

Hapana. Ni dini, yenye Mungu mkuu aitwaye Bondye na roho ziitwazo lwa, iliyojengwa na watu waliotekwa kutoka Dahomey, nchi ya Wayoruba na Kongo, ikachanganyika na Ukatoliki. Serikali iliitambua rasmi mwaka 2003. Wanasesere wa kuchomwa sindano ni mambo ya sinema. Bila kuijua angalau kidogo, nusu ya michoro ya Haiti itabaki fumbo: moyo ni ishara ya lwa aitwaye Èzili, upanga ni wa Ogou, njia panda ni ya Legba.

Centre d'Art ni nini, na kwa nini watu husema "sanaa ya wasiosoma"?

Centre d'Art ilifunguliwa Port-au-Prince Mei 14, 1944, na DeWitt Peters, Mmarekani aliyekuwa akifundisha Kiingereza, pamoja na wasanii na wasomi wa Haiti. Ilitoa rangi, ubao wa kuchorea, ukuta wa maonyesho na soko. Hector Hyppolite, oungan (kuhani wa Vodou) kutoka Saint-Marc aliyepaka rangi kwa manyoya ya kuku na vidole, alionekana kwa sababu ya milango ya baa aliyokuwa ameipamba. Mshairi wa Kifaransa André Breton alinunua kazi zake mwishoni mwa 1945. Hyppolite alifariki mwaka 1948, akiwa na miaka michache tu ya umaarufu.

Wauzaji waliwaita wachoraji hawa wajinga wa sanaa, eti wanachora kama watoto. Tunaukataa msamiati huo. Mtazame Philomé Obin wa Cap-Haïtien. Baada ya kumuua Péralte, wanajeshi wa Marekani waliufunga mwili kwenye mlango ulioegemezwa wima, wakaupiga picha, wakaisambaza picha hiyo nchini ili kuvunja mioyo ya waasi. Kiuno kimefungwa kitambaa, kichwa kimelala begani, bendera iko nyuma yake. Watu walioiona hawakuona mwasi aliyeshindwa. Walimwona Kristo msalabani. Miongo mitano baadaye Obin akaichora hivyohivyo, safi, bila damu nyingi, akamweka mama yake Péralte kando akiwa amevaa nguo za msiba, akaiita kusulubiwa kwa ajili ya uhuru. Huo ni ubishi wa kihistoria uliofikiriwa kwa makini na mtu aliyeishi wakati huo.

Michoro ya Kanisa Kuu la Sainte-Trinité bado ipo?

Mitatu tu. Mwaka 1950 na 1951, kwa idhini ya Askofu Alfred Voegeli, wachoraji wa Centre d'Art waliipamba kuta za kanisa hilo la Kianglikana kwa michoro 14 ya Biblia yenye watu na mandhari ya Haiti. Tetemeko la Januari 12, 2010 liliangusha kanisa. Iliyosalia ni Karamu ya Mwisho ya Obin, Ubatizo wa Castera Bazile na Maandamano ya Préfète Duffaut. Ilitolewa kutani kwa vipande na kuhifadhiwa kwa msaada wa taasisi ya Smithsonian. Arusi ya Kana ya Wilson Bigaud, ambayo wengi waliiona bora kuliko zote, imebaki kwenye picha.

Zile sanamu za bati hutengenezwaje?

Asili yake ni Croix-des-Bouquets, karibu na Port-au-Prince. Georges Liautaud alikuwa mhunzi aliyefua misalaba ya makaburi. Mwaka 1953 watu wa Centre d'Art waliiona misalaba hiyo, wakamshawishi afanye sanamu. Alifundisha wengine, nao wakafundisha majirani, mpaka mtaa wa Noailles ukajaa karakana.

Malighafi ni pipa la mafuta la lita 200 hivi. Fundi hukata vifuniko viwili vya duara kwa tindo na nyundo na kuviweka kando kwa kazi za mviringo. Pipa lililobaki hulijaza majani makavu ya migomba au mabua ya miwa na kulitia moto, ili rangi na mabaki ya kilichokuwemo yaungue. Likipoa, hulichana kutoka juu hadi chini, hulitanua kwa mikono na miguu, kisha hulipiga mpaka lilale kama shuka la bati, karibu sentimita 90 kwa 180. Mchoro huhamishwa kwa chaki. Hapo tindo za ukubwa mbalimbali hufuata mstari, pigo baada ya pigo, na vipande vya katikati hung'olewa. Baadaye nyundo ya kichwa cha mviringo hutumbukiza bati kutoka nyuma ili mashavu, magamba na manyoya yatokeze mbele. Kingo husuguliwa kwa tupa, na kazi hupakwa vanishi.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mara. Moto ukiwa hafifu, rangi ya zamani hubaki na vanishi hubabuka baada ya muda. Tindo ikiwa butu, ukingo huchanika badala ya kukatika. Bati likipigwa sana mahali pamoja huwa jembamba na kupasuka.

Magenge yameitesa Croix-des-Bouquets miaka ya karibuni na mafundi wengi wamehama. Ukinunua, uliza kazi imetoka kwa nani na fedha inamfikiaje.

Nitajuaje kama imefanywa kwa mkono?

Igeuze. Nyuma pawe na mashimo yanayolingana na kila kilichotokeza mbele. Upande wa nyuma ukiwa laini kabisa, ni bati lililokatwa kwa mashine. Pitisha kidole kwenye ukingo: tindo huacha alama ndogo za kila pigo, mashine ya moto huacha matone ya chuma kilichoyeyuka. Aghalabu utaona pia kivuli cha mikunjo miwili ya pipa, hata baada ya kunyooshwa. Sahihi ya fundi huchongwa kwa tindo, si kwa rangi.

Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat ajue kwamba hewa ya chumvi huila kazi hii upesi. Itundike mbali na dirisha la upande wa bahari. Kutu ikianza, isugue kwa msasa laini, futa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka vanishi isiyo na rangi pande zote mbili. Kupaka mbele peke yake hakusaidii. Kutu itaanzia nyuma.

Na bendera za Vodou zenye puleki?

Huitwa *drapo*. Kitambaa hukazwa kwenye fremu ya mbao na mchoro huwekwa juu yake. Katika njia ya kawaida, sindano hupanda kupitia tundu la puleki, hupita kwenye ushanga mdogo, kisha hurudi kupitia tundu lilelile, na ushanga ndio unaoizuia puleki isitoke. Bendera moja hula maelfu na maelfu ya puleki.

Myrlande Constant, aliyezaliwa mwaka 1968, alibadilisha mambo. Alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo za maharusi, akachukua ufundi wa huko: sindano yenye ndoano, kwa kufanya kazi kutoka upande wa nyuma wa kitambaa, shanga zikiwa zinaning'inia chini. Ndiyo maana anaweza kujaza kitambaa chote kwa shanga na kuchora umati wa watu, wakati bendera za kale zilikuwa na ishara moja katikati. Mwaka 2022 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho makuu ya Biennale ya Venice.

Usiifue kamwe, na usiikunje: uzi hukatika penye mkunjo na puleki humwagika. Iviringe kwenye bomba la karatasi, puleki zikitazama nje. Jua la moja kwa moja hupausha rangi.

Haiti ina uhusiano gani na Afrika yetu?

Wa moja kwa moja kuliko watu wanavyodhani. Bénito Sylvain alisafiri hadi Ethiopia kwa Mfalme Menelik II, na mwaka 1900 alihudhuria mkutano wa kwanza wa Pan-Afrika, wa watu weusi wa pande zote za dunia, mjini London. Félix Morisseau-Leroy, aliyeiandika upya tamthilia ya Kigiriki *Antigone* kwa Kikrioli mwaka 1953, alifanya kazi ya tamthilia Ghana wakati wa Nkrumah, kisha Senegal. Price-Mars aliongoza mkutano wa waandishi na wasanii weusi mjini Paris mwaka 1956.

Kwa wasomaji wa Kongo jambo liko karibu zaidi. Baada ya uhuru wa 1960, walimu, madaktari na watumishi wengi wa Kihaiti walipelekwa huko na Umoja wa Mataifa na mashirika yake, wengi wao wakimkimbia Duvalier. Raoul Peck alikulia Kinshasa kwa sababu hiyo. Ndiye aliyetengeneza filamu ya *Lumumba* (2000), na baadaye *Sometimes in April* (2005) kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyopigwa Rwanda kwenyewe.

Vitabu hivi nitavipata wapi bila malipo?

Maktaba ya kidijitali ya Karibi, dLOC, ina magazeti, majarida na vitabu vingi vya zamani vya Haiti. Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa inacho kitabu cha Firmin cha 1885. Tovuti ya Les Classiques des sciences sociales ya Chicoutimi, Kanada, ina mkusanyiko mkubwa wa Haiti, akiwemo Price-Mars. Kwa maisha na orodha za kazi za waandishi, tumia tovuti ya Île en île.

Tafuta kwa jina la ukoo la mwandishi, mara moja kwa alama za juu ya herufi na mara moja bila alama hizo. Nakala nyingi zimeskaniwa kama picha, na kompyuta husoma vibaya chapa za karne ya 19, kwa hiyo neno usilolipata kwa kutafuta linaweza kuwa lipo. Fungua faharasa na upekue kwa macho. Pakua faili nzima badala ya kusoma mtandaoni, maana mtandao ukikatika ukurasa hurudi mwanzo. Vitabu vya waandishi walio hai, kama Lahens na Danticat, vinunue: Mémoire d'encrier ya Montréal huchapisha Wahaiti wengi.